Mtu Mnene wa Kiti cha Nyuma

Jua limeshafika kwenye bati la paa lakini halijashuka sakafuni, na mzee mmoja mwenye ovaroli la bluu lililopauka amekaa kiti cha nyuma cha gari lisilokwenda popote. Injini imezimwa. Mbele hakuna dereva. Mzee amevua viatu, nyayo zimetulia juu ya zulia la gari, macho kayafumba, na viganja vimelala mapajani kama mali ya mtu mwingine aliyeombwa amshikie.

Jirani yake anachungulia dirishani. Huyu anauza bampa na taa za magari yaliyokwisha kutumika, na kwa sababu hiyo mtaa mzima unamwita Bampa.

"Risasi! Leo unapelekwa wapi, bosi?"

"Mbali," anajibu mzee bila kufumbua macho.

"Dereva mbona simwoni?"

"Yuko njiani."

Bampa anacheka, anarudi kupanga bampa zake. Maneno hayo wanayarudia karibu kila asubuhi siku hizi, na Bampa peke yake ndiye anayedhani ni utani.

Mzee huyu ni fundi wa kubalansi magurudumu. Jina la Risasi alilipata kutokana na vipande vya madini ya risasi anavyobandika kwenye ukingo wa ringi ili gurudumu lizunguke bila kuyumba. Wageni wakilisikia hudhani alikuwa askari. Hajawahi kushika silaha maishani, isipokuwa ile aliyokabidhiwa na kampuni, na hiyo tutaifikia.

Banda lake ni dogo. Kuna jeki mbili, spana ya msalaba iliyong'aa kwa kushikwa, mashine ya kubalansi iliyonunuliwa ikiwa kuukuu, na meza ya kazi yenye makopo ya risasi yaliyopangwa kwa uzito. Chini ya meza kuna ndala za kike, pea moja, zimeelekezwa mlangoni. Kila Jumamosi mzee akifagia huziinua, hufagia zilipokuwa, kisha huzirudisha vilevile.

"Watu wengi hawajui kushtaki gari," anasema. "Mteja anakuja, anasema linatetemeka. Haya, linatetemekea wapi? Mikononi au makalioni? Mpaka ukanyage breki, au hata likiwa linakwenda zake tu? Ukizidisha mwendo linaacha au linachachamaa? Hapo ndipo tunaanza kuongea. Kabla ya hapo ni malalamiko matupu."

Usukani ukicheza, ugonjwa uko mbele. Kiti kikicheza, ugonjwa uko nyuma. Likitetemeka pale tu unapokanyaga breki, yaache matairi, katazame diski. Likitulia kwenye mwendo mdogo, likaanza vurugu barabara inapofunguka, hapo mtuhumiwa wa kwanza ni uzito: kipande cha risasi kimedondoka, au tope limekaukia ndani ya ringi.

"Nimeshaona mtu kabadilisha matairi yote manne kwa ajili ya tope," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka. "Tope! Ungelikwangua kwa bisibisi ukaenda zako nyumbani."

Lakini kuna jambo moja katika kazi hii ambalo mtu peke yake halimalizi. Aliyeshika usukani anasikiliza mbele. Nyuma anapasikia kwa mbali, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili. Ili gari lisomwe lote kwa safari moja, wanatakiwa watu wawili: mmoja mbele, mmoja nyuma.

Kwa zaidi ya miaka ishirini watu hao wawili walikuwa Risasi na mkewe.

"Mimi nilikuwa mikono, yeye alikuwa makalio," anasema. "Usicheke. Andika."

Ilianza kwa bahati. Siku moja mke alimletea chakula, akaona uvivu kurudi kwa miguu, akapanda kiti cha nyuma cha gari la mteja lililokuwa linakwenda kujaribiwa. Mbele ya safari akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha dirisha wazi: nyuma kushoto. Risasi akamwambia anyamaze, yeye anajua nini. Waliporudi akafungua gurudumu la nyuma kushoto. Ukingoni palibaki alama safi ya mahali risasi ilipokuwa imebanwa. Risasi yenyewe haikuwepo.

Tangu siku hiyo mke alivua ndala chini ya meza ya kazi, akapanda nyuma miguu mitupu. Mto hakuukubali. Mtu wa kando hakumtaka. Na njiani walikuwa hawasemezani.

"Wa mbele akitangulia kusema, wa nyuma atahisi alichoambiwa," mzee anaeleza. "Kwa hiyo tunanyamaza mpaka tusimame. Nikivuta breki ya mkono tu, kila mtu anasema lake. Palepale, kwa pamoja. Mara nyingi maneno yalikuwa yanagongana."

Ndoa gani ile, ambayo watu wawili wanafunga safari kila siku bila kuzungumza, na mwisho wa safari wanasema jambo moja kwa mpigo!

Sasa tuje kwenye silaha.

Kabla ya banda hili, Risasi aliajiriwa na kampuni ya mabasi, kitengo cha matairi. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga nati za mabasi kwa bunduki ya upepo, ile mashine inayonguruma mkononi na kuurusha mwili wa mshikaji mpaka meno yagongane. Asubuhi mpaka jioni, basi likitoka linaingia jingine. Vijana wa kitengo waliomba glavu. Wakajibiwa na msimamizi kwamba glavu zitawapunguzia kasi. Wakaomba zamu ziwe fupi. Wakaambiwa mlangoni kuna foleni ya watu wanaoitaka hiyo zamu ndefu.

Tukumbushane, maana wenye mali wanaomba kimyakimya tusahau. Asubuhi za baridi vidole vya vijana wale vilikuwa vinageuka vyeupe kama vimechovywa kwenye unga. Walipokwenda kwa daktari wa kampuni, daktari aliwauliza kama wanavuta sigara. Asiyevuta alipewa dawa ya kuchua. Anayevuta alipewa mawaidha.

Kisha kampuni ikauzwa, mabasi yakapakwa rangi nyingine, na wafanyakazi wakaagwa kwa hotuba na kupeana mikono. Risasi anakumbuka alivyoshikana mkono na meneja na asiuhisi vizuri. Alidhani ni hasira.

Hakuna aliyemwandikia stakabadhi ya kilichochukuliwa pale. Mwenye kampuni yupo, afya yake njema, na vidole vyake vyote vinajua tofauti ya hariri na gunia.

Risasi naye akajifungulia banda, na kwa muda mrefu mambo yakaenda. Ganzi ilikuwa inakuja asubuhi na kuondoka jua likipanda. Aliichukulia kama mgeni wa kunywa chai akaondoka. Hakumwambia mke. Angemwambia nini? Kwamba vidole vimechelewa kuamka?

Kisha binti yao, anayeishi mji wa mbali na mumewe, akajifungua mtoto kabla ya wakati. Bibi akafunga safari akiwa na viatu vyake vya kutokea. Ndala akaziacha chini ya meza kwa sababu alikuwa anakwenda kwa muda tu. Mpaka mtoto akae, alisema.

Mtoto akakaa. Akatambaa. Akatembea. Siku hizi anaongea kwenye simu, anamwuliza babu kama amekula. Bibi bado yuko huko.

Kwa nini hakurudi? Hapo ndipo anapoingia mtu mnene.

Wiki ya kwanza mke alipiga simu. Kabla ya kuuliza habari ya afya wala ya mlo, akauliza nani anakaa nyuma. Risasi alikuwa ametoka kujaribu gari peke yake, akalazimika kwenda na kurudi njia ileile, safari ya kwanza kwa ajili ya mikono, ya pili kwa ajili ya kiti. Alikuwa amechoka. Na hakutaka mwanamke aliyekesha na mtoto mchanga abebe na mzigo wa banda.

"Nikamwambia nimepata mtu," anasema. "Akaniuliza mtu gani. Mdomo ukasema wenyewe: jamaa mmoja mnene."

Kwa nini mnene?

"Sijui. Labda nilitaka asikie kwamba kiti kimejaa."

Mke alicheka sana siku ile. "Mnene? Na nyama yote hiyo atahisi nini? Si utampitisha juu ya reli aseme barabara nzuri!"

Basi Bwana Mnene akazaliwa, na akiisha kuzaliwa mtu lazima aishi. Simu iliyofuata aliletewa salamu. Mwezi mwingine ilibidi augue, kwa sababu Risasi alijikwaa akasema leo niko peke yangu. Mke akamwombea apone. Akapona. Akaoza binti yake, na pongezi zikaja kutoka mbali. Alipunguza wali akaurudia. Kwenye simu za Jumapili alikuwa na afya kuliko wote wawili.

Kisha siku moja, kwa sauti ya utani ambayo Risasi hajaisahau, mke akasema: "Basi mmeshazoeana, wewe na Bwana Mnene wako. Mimi nije nifanye nini tena?"

Risasi akacheka. Ndilo kosa alilolifanya. Angeweza kusema kitu, yeye akacheka.

Baada ya hapo mke hakugusia tena habari ya kurudi. Na banda likawa kimya kwa namna ambayo mzee anasema hawezi kuieleza, ila kwamba alianza kuyaambia magari "twende".

Siku mambo yalipofumuka, mteja alikuwa mama mmoja dereva wa teksi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kupasua bati. Alileta gari lake, usukani unacheza. Risasi akaweka magurudumu ya mbele kwenye mashine, akarekebisha risasi, akaenda kulijaribu kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala, akarudi.

"Limetulia, mama."

Kesho yake mama yuko mlangoni.

"Fundi, bado."

Akalijaribu tena. Akashika usukani kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kimya.

"Mama, mbona limetulia?"

"Limetulia kwako. Kwangu linacheza ngoma."

"Labda barabara unazopita wewe."

"Fundi, mimi na wewe tunatumia barabara ileile. Au ya kwako imetandikwa godoro?"

Bampa, ambaye ana masikio ya kutosha mtaa mzima, aliacha kupanga bampa akasogea. Mama akaondoka kwa hasira. Aliporudi tena aliteremka, akatupa ufunguo mezani, akakaa juu ya tairi kuukuu na kukunja mikono.

Kuna njia moja ya mafundi wa kazi hii. Wakishindwa kumpata mkosaji, wanahamisha magurudumu. Ya mbele yanakwenda nyuma, ya nyuma yanakuja mbele. Kisha wanaangalia kama ugomvi umehama. Ukitoka kwenye usukani ukaja kwenye kiti, basi mkosaji ni gurudumu na mmemshika. Ukibaki mbele palepale, gurudumu halina hatia, gari lenyewe ndilo gonjwa.

Risasi akahamisha. Mama wa teksi akasema safari hii haachwi nyuma, akakaa kiti cha mbele cha abiria. Wakaenda mpaka nyuma ya maghala, barabara ikafunguka, Risasi akaongeza mwendo.

Na kiti kikaanza kutetemeka.

Kilitetemeka kweli. Mgongo ulisikia, mapaja yalisikia, kioo cha kati kikawa kinaonyesha barabara mbilimbili. Magurudumu yale ya mbele, ambayo mikono ya Risasi iliapa kwamba yametulia, yalikuwa sasa chini ya kiti cha nyuma yakipiga kelele.

"Mama," akauliza polepole. "Siku zote hizi, hivi ndivyo ulivyokuwa unahisi mkononi?"

"Fundi, nimekwambia tangu juzi!"

Akaegesha gari kando ya ukuta wa ghala. Akautazama usukani. Akaushika, akauachia, akaushika tena. Tairi moja lilikuwa bovu tangu mwanzo: nyaya zake za ndani zilikuwa zimekatika, na mashine haikumwona mwizi kwa sababu mashine inapima uzito. Juu ya mashine tairi lile lilizunguka vizuri, lakini likibebeshwa gari ndipo linajikunja. Kazi ya kulikamata ilikuwa ya mikono.

"Nilikuwa nimehamisha magurudumu ili nijue ugonjwa uko wapi," anasema. "Nikajua. Ulikuwa umekaa kwenye kiti cha dereva."

Mama wa teksi alimwona anavyoutazama usukani, akalainika. "Mzee wangu, unaumwa?"

"Hapana, mama. Siumwi. Hiyo ndiyo shida, siumwi chochote. Hata ukinichoma na sindano."

Mwanamke yule aliteremka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva. "Haya nipishe. Nenda nyuma. Tuone na lile gurudumu la upande wa pili."

Kwa hiyo fundi aliyeendesha magari ya watu maisha yake yote akahamia nyuma. Akavua viatu. Mama akatia gia.

"Miaka yote nabeba abiria wanaoniambia nipunguze mwendo," akasema kwa ile sauti yake. "Leo nimpate wa kuniambia niongeze!"

"Ongeza, mama."

"Naongeza!"

Risasi akafumba macho, akaelewa kwa nini mkewe alikuwa akiyafumba. Akayafumbua, na hapo akakiona alichokuwa akikiona mkewe: kisogo cha mtu anayeendesha. Basi. Barabara anaiona dereva, usukani anao dereva, na sifa za wateja zinapokelewa na dereva. Wa nyuma ana kisogo.

"Miaka ishirini na zaidi mama wa watu anatazama kisogo changu," anasema. "Na mimi nikijiona namchukua matembezi."

Tangu siku ile Risasi amekuwa akifanya kazi kwa mzunguko. Kila gari linaloletwa kwa ugonjwa wa mbele, analihamisha magurudumu, ya mbele anayapeleka nyuma, anaendesha na kusikiliza kwa mgongo, anarudi, anarekebisha, anahamisha tena. Kazi ya gari moja imekuwa ya magari mawili, na malipo ni ya gari moja. Wateja wanaotaka haraka wamevuka barabara, kwenye karakana mpya yenye vioo, viti vya kusubiria na mashine inayotoa majibu kwenye skrini. Mzee hawasemi vibaya. "Mashine zao nzuri. Ningekuwa na uwezo ningenunua."

Siku nyingine anapata magari mawili. Siku nyingine halifiki hata moja, na hapo hukaa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, lile kuukuu la kubebea matairi, na kujizoeza.

Kwa muda alificha. Fundi wa mtetemo asiyehisi mtetemo ni mwisho wake mtaani. Habari ya namna hiyo haichukui siku mbili kuvuka barabara. Alimwomba mama wa teksi asiseme, na yule mwenye sauti ya kupasua bati hakusema hata kwa Bampa. Kama leo mzee amekubali kuyasimulia haya kwa wasomaji, amekubali kwa sharti. Alitaka kwanza kumaliza kumwambia mtu mmoja.

Ilikuwa Jumapili mchana, banda limefungwa nusu mlango. Simu aliiweka juu ya meza ya kazi ikiwa na sauti ya nje, kwa sababu akiishika sikioni humponyoka.

"Hamjambo huko?" sauti ya mke ikaenea kwenye mabati. "Bwana Mnene hajambo?"

"Hayupo."

"Kaenda wapi leo Jumapili?"

"Hajaenda popote. Hajawahi kuwepo."

"Hajawahi kuwepo namna gani? Si alioza binti yake juzijuzi?"

"Hakuoza."

"Nikatuma pongezi!"

"Nilizipokea mimi."

"Na ile homa? Wewe mzee wewe! Nilipiga magoti kwa ajili ya homa ya mtu asiyekuwepo?"

"Labda ndiyo sababu alipona haraka."

Alitegemea atacheka. Hakucheka. Kwa mbali alisikika mtoto akidai maji, kisha mlango ukifungwa, kisha mke akarudi na sauti ya chini.

"Kwa hiyo nani anakaa nyuma?"

"Hakuna mtu. Tangu ulipoondoka hakuna mtu."

"Na mimi hapa," akasema mke, "najiambia mahali pangu pameshajaa. Nirudi nikasimame wapi, mlangoni? Nimwambie mtu mzima na familia yake anipishe? Unajua mkwe wako ana gari. Jumamosi ananipakia nyuma twende sokoni. Nikamwambia, baba, gurudumu lako la nyuma kulia limepoteza risasi. Akaongeza sauti ya redio. Tangu siku hiyo nanyamaza. Huku hakuna anayeniuliza nimehisi nini."

Hapo ndipo mzee alipomwambia habari ya mikono. Aliisema yote: vidole vyeupe, dawa ya kuchua, meneja, mama wa teksi, kiti kilichotetemeka.

"Tangu lini?" akauliza mwisho.

"Sijui. Haikuniaga."

"Bunduki ile."

"Bunduki ile."

Mke akawataja wenzake Risasi wa kitengo cha matairi mmoja mmoja kwa majina yao ya utani. Yule aliyekuwa akisifiwa kwa mwandiko, siku hizi anasaini kwa dole gumba. Yule asiyeweza kufunga vifungo, mkewe ndiye anamvalisha akisema mume wake amedeka. Alikuwa ameyaona yote misibani na harusini, akadhani ni uzee unawachukua mmoja mmoja. Kumbe bunduki ile iliwachukua kwa pamoja, kwa zamu, na saa za ziada.

Hili ndilo Risasi anataka liandikwe, na hapa linaandikwa. Wale waliokuwa kitengo kile, popote walipo, wasiketi majumbani wakijilaumu kwa kuangusha vikombe. Si uzee, si sigara, si uzembe. Waliomba glavu. Yupo mtu aliyekataa, na mtu huyo alikuwa na jina, cheo na kiyoyozi. Mzee anataka wakutane, wote, waende wakaonyeshe mikono hiyo mezani kwa wanaohusika. "Tukienda mmoja mmoja tutapewa dawa ya kuchua," anasema.

Lakini Jumapili ile mke alikuwa na swali moja zaidi.

"Haya, tuseme nimekuja. Mimi nitakaa nyuma. Mbele mikono yako haisikii. Usukani utasomwa na nani?"

Risasi alikuwa na jibu. Alikuwa amelitafuna wiki nzima kwenye kiti cha nyuma, miguu mitupu.

"Wewe."

"Mimi sijashika usukani tangu nizaliwe!"

"Na mimi nilikuwa sijakaa nyuma tangu nizaliwe. Nimejifunza. Si pabaya. Ila panachosha kutazama kisogo."

Hapo mke alicheka, kicheko kirefu kilichoishia vibaya, kama kilichomezwa. Akasema asimharakishe. Akasema mjukuu bado mdogo, binti anakwenda kazini, mambo hayakatwi kama uzi. Akasema hajasema anakuja. Akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Wiki ikapita. Risasi anasema hiyo ndiyo ilikuwa wiki ndefu kuliko zote alizokaa peke yake, kwa sababu nyingine zote alikuwa na Bwana Mnene.

Jumapili iliyofuata simu iliita mapema kuliko kawaida.

"Limezimika," mke akasema, bila salamu.

"Nini kimezimika?"

"Gari la mkwe wako. Nimemwambia anifundishe. Nimetia gia, nimeachia mguu, limeruka kama mbuzi likazimika. Mkwe kateremka, anasema anaenda kunywa maji. Nadhani anaenda kulia."

"Litazimika tu. Lizoee."

"Lakini kabla halijazimika," mke akasema, na sauti yake ikabadilika, "nimeusikia. Usukani. Unaongea, mzee. Kumbe siku zote ulikuwa unaongea hivi?"

Risasi alitazama viganja vyake juu ya meza.

"Ulikuwa unaongea," akamwambia.

Hajui lini. Mke hakutaja siku, naye hakuuliza. Mpango wake ni mdogo na uko wazi: akija, wataendesha banda kwa viti vilivyogeuzwa, mama mbele, baba nyuma, kimya mpaka breki ya mkono. Asipokuja, atahamisha magurudumu mpaka mgongo nao uchoke.

Asubuhi hii ameshuka kutoka kiti cha nyuma, amevaa viatu, anafuta vumbi la kioo. Bampa, aliyekuja kuazima spana, anaingiza kichwa upande wa dereva na kushangaa. Kiti cha mbele kimevutwa karibu kabisa na usukani. Mzee mrefu kama Risasi hata akikunja magoti mpaka kidevuni hatoshi hapo.

"Kiti hiki nani kakivuta hivi?"

"Mimi."

"Sasa utaendeshaje?"

"Siendeshi mimi," anasema Risasi, na kuinama chini ya meza kuzitoa zile ndala ili afagie.